Uchovu na wasiwasi baada ya kuambiwa una kisukari: mwongozo kamili wa miezi ya mwanzo

Siku unayopewa majibu, maelezo mengi huwa ya chakula, dawa na tarehe ya kurudi kliniki. Lisilosemwa sana ni kwamba kesho yake unaweza kuamka umechoka kuliko ulivyolala, na saa nane za usiku ukajikuta umekodoa macho, moyo unakwenda mbio, usijue unaogopa nini hasa. Haya huwapata wengi waliogunduliwa karibuni, wa aina ya 1 na wa aina ya 2. Lakini kwa kuwa ni ya kawaida haina maana uyaache yakae.

Ugumu uko hapa: uchovu na wasiwasi huiga sukari, na sukari huviiga vyote viwili. Sukari ikipanda unalegea. Ukizidiwa na mawazo unalegea. Sukari ikishuka unatetemeka na kutoka jasho. Hofu ikikupanda unatetemeka na kutoka jasho vilevile. Anayebahatisha hukosea pande zote: leo anakunywa maji ya sukari kumbe ni hofu tu, kesho anakaa kujituliza huku sukari inazidi kuzama. Kwa hiyo kanuni ninayoisimamia katika hatua zote zifuatazo ni moja: pima kwanza, ndipo useme ni nini.

Hatua ya 1: Zijue dalili zisizosubiri

Kabla ya kuuita uchovu wako uchovu wa kawaida, hakikisha si mojawapo ya haya. Kutapika kusikokoma, maumivu ya tumbo, kupumua kwa kasi na kwa kina, pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, kusinzia kusiko kwa kawaida au kuchanganyikiwa: hizo ni dalili za ketoni (asidi zinazotokea mwili unapochoma mafuta badala ya sukari) kujaa kwenye damu, na mahali pake ni hospitali, saa hiyo hiyo. Hali hii huwapata zaidi wenye aina ya 1, ila wa aina ya 2 hawajasalimika nayo. Walio kwenye dawa zinazotoa sukari kupitia mkojo, kama empagliflozini na dapagliflozini, wanaweza kuipata hata sukari ikiwa haijapanda sana, na hapo ndipo watu huchelewa. Kama una kipimo cha ketoni za damu, 1.5 mmol/L ni ya kumpigia mtaalamu simu, na 3.0 au zaidi ni dharura.

Kwa aina ya 2, hasa kwa mtu mzima sana, sukari inaweza kupanda mpaka zaidi ya 30 mmol/L, mwili ukakauka na akili ikavurugika polepole kwa siku kadhaa. Watu wa nyumbani hudhani ni uzee au uvivu. Na ukipata maumivu ya kifua, au mawazo ya kujiua, usimalize kusoma ukurasa huu. Tafuta msaada sasa.

Hatua ya 2: Anza daftari la wiki mbili

Si lazima programu ya simu, karatasi inatosha. Kila unapopima sukari andika saa, namba iliyotoka, uchovu wako kwa kipimo cha 0 hadi 10, wasiwasi wako kwa kipimo hicho hicho, na maneno machache ya ulichokuwa unafanya au ulichokula. Basi. Ukiongeza zaidi ya hapo utachoka na daftari lenyewe.

Stripu (vijiti vya kupimia) zikiwa chache, zitumie pale zinapojibu swali: ulipoamka, kabla ya mlo mkubwa, saa mbili baada ya mlo huo, na kila unapojisikia vibaya kwa namna usiyoielewa. Kwa watu wazima wengi wasio wajawazito, lengo kabla ya kula ni kati ya 4.4 na 7.2 mmol/L (80 hadi 130 mg/dL), na saa mbili baada ya kula ni chini ya 10.0 (180 mg/dL). Daktari anaweza kukupa malengo tofauti kulingana na umri, ujauzito au dawa zako. Ya kwake ndiyo ya kufuata. Mashine yako ikionyesha kizio kimoja na karatasi ya kliniki kingine, zidisha mmol/L kwa 18 upate mg/dL.

Neno kuhusu namba za asubuhi, kwa sababu zimewakatisha tamaa wengi. Kuelekea alfajiri mwili hutoa homoni za kukuamsha, nazo huliambia ini liachie sukari. Unaweza kulala na 6 ukaamka na 9 bila kula hata punje. Hujaharibu kitu. Iandike, uipeleke kliniki.

Hatua ya 3: Soma uchovu wako ni wa aina gani

Hapa ndipo daftari linapolipa, maana uchovu wa kisukari si mmoja.

Uchovu wa sukari iliyopanda ndio unaojulikana zaidi. Insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye seli, ikipungua, au mwili ukiwa hauiitikii, sukari hujaa kwenye damu lakini haiingii vizuri kwenye seli za misuli. Damu imeshiba, misuli ina njaa. Juu ya hapo figo hujaribu kuitoa sukari kwa mkojo, na sukari huondoka na maji. Unakojoa sana, unakauka, kichwa kinauma. Ukiamka mara tatu nne usiku kwenda msalani, hata mtu asiye na kisukari angeamka hoi. Ukiona kwenye daftari uchovu wa 7 au 8 unaambatana na namba za 12, 14, 17, tiba yake ni kuishusha sukari kwa mpango wa daktari na kunywa maji. Hapo vidonge vya vitamini ulivyojinunulia havitabadilisha kitu. Uchovu wa namna hii huanza kupungua ndani ya wiki chache sukari ikitulia.

Wa pili huwachanganya hasa wageni wa ugonjwa: uchovu wa sukari inayoshuka kurudi kawaida. Mwili uliokaa miezi na 15 ukishushwa hadi 7 unaweza kutetemeka, kutoka jasho na kuhisi njaa kali, kana kwamba sukari imezama. Ukipima ukakuta 7, hujazama. Kaa chini, kunywa maji, kula mlo wako kama saa imefika, na usikimbilie sukari. Mwili huzoea, kwa kawaida ndani ya wiki chache. Macho nayo hufanya kituko katika kipindi hiki: lenzi ya jicho hubadilika umbo kadiri sukari inavyobadilika, na maandishi yanaweza kuwa na ukungu kwa wiki kadhaa. Wengi hudhani ndio upofu umeanza. Usinunue miwani mipya mpaka sukari itulie, ila uchunguzi wa nyuma ya jicho usiuahirishe. Na ukiona giza la ghafla, madoa meusi mengi au kama pazia limeshuka, nenda siku hiyo hiyo.

Wa tatu ni wa usiku. Ukiamka na shuka limelowa jasho, kichwa kinagonga, umeota ndoto za kutisha, na unatumia insulini au dawa kama glibenklamidi, gliklazidi au glimepiridi, shuku kwamba sukari ilishuka ukiwa usingizini. Weka kengele ya saa tisa usiku kwa siku mbili tatu, upime. Ikiwa chini ya 4.0, itibu hapo hapo kama ilivyoelezwa katika hatua ya 4, kisha mweleze daktari mapema. Dozi ya jioni huenda ikahitaji kurekebishwa.

Halafu kuna uchovu usiotokana na sukari kabisa. Ukiona namba ni nzuri na bado unajikokota, usikubali kuambiwa "ndio kisukari chenyewe" bila kuchunguzwa. Upungufu wa damu ni wa kutafutwa, na unaweza pia kuipotosha HbA1c, kile kipimo cha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, kwa kuwa kinasomwa kwenye chembe nyekundu za damu. Metformini, dawa ya kawaida ya aina ya 2, ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kupunguza vitamini B12. Kwa aliyeianza juzi hilo bado ni mapema, ila lijue. Tezi ya shingo ikilegea huleta uchovu, na matatizo yake hutokea zaidi kwa wenye aina ya 1, kwa kuwa kinga ya mwili iliyoshambulia kongosho inaweza kushambulia na tezi. Kukoroma kwa nguvu na pumzi kukatika usingizini ni jambo la kawaida kwa wenye aina ya 2, na mwenzako wa chumbani ndiye shahidi, muulize. Dawa za presha au moyo za kundi la atenololi, bisoprololi na propranololi nazo huwachosha baadhi ya watu. Taja hayo yote kliniki, uombe vipimo vya damu, B12, tezi na figo pale vinapohusika.

Hatua ya 4: Mtetemo ukija, amua ndani ya dakika moja

Mikono inatetemeka, moyo unadunda, jasho jembamba. Ni sukari au ni hofu? Mwili unatumia homoni ile ile, adrenalini, kwa yote mawili, kwa hiyo hisia peke yake haitakuambia. Pima.

Ikiwa chini ya 4.0 mmol/L (takriban 70 mg/dL): kula gramu 15 za sukari inayoingia haraka. Hiyo ni karibu mililita 150 za juisi au soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari, au vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji. Chokoleti haifai hapa; mafuta yake huichelewesha sukari. Subiri dakika 15, pima tena, na ikiwa bado chini rudia. Ikishapanda, kula kitu chenye wanga kama mlo uko mbali. Na usiendeshe gari wala usipande ngazi mpaka umetulia kweli. Akili huchelewa kurudi hata namba ikisharudi.

Ikiwa namba ni ya kawaida au iko juu, huenda ni hofu, au ule mwili unaozoea sukari ya kawaida tuliouona katika hatua ya 3, na hofu ina desturi ya kufika kileleni ndani ya dakika chache kisha kushuka. Keti, nyayo zote mbili sakafuni. Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6. Pumzi inayotoka ndefu kuliko inayoingia huupunguza mwendo wa moyo. Fanya dakika tano. Usipigane na hofu, na usianze kutafuta dalili zako kwenye simu.

Huna mashine karibu? Kama unatumia insulini au zile dawa tatu nilizozitaja, glibenklamidi, gliklazidi na glimepiridi, tibu kana kwamba imeshuka. Kosa la kula sukari mara moja bila sababu ni dogo kuliko kosa la kuiacha izame. Lakini kama unatumia metformini peke yake, sukari kushuka mpaka hatari ni nadra sana. Ni jambo la kumwambia kila anayeanza nayo, kwa sababu nina hakika wako wanaoogopa kulala bure.

Onyo kwa walio kwenye dawa za presha au moyo za kundi la atenololi: zinaweza kuficha mtetemo na mapigo ya moyo. Jasho hubakia, kwa hiyo jasho la ghafla lisipuuzwe. Na mfundishe mtu mmoja wa nyumbani mambo mawili: ukipoteza fahamu asikutie chochote mdomoni, na akulaze ubavu, aite msaada. Kama umepewa sindano ya glukagoni, homoni inayopandisha sukari, ajue iliko na namna ya kuitumia.

Hatua ya 5: Rudisha nguvu kidogo kidogo

Ushauri wa "fanya mazoezi" kwa mtu aliyechoka unaudhi, nakiri. Lakini anza na kitu kidogo kuliko unavyodhani kinastahili kuitwa mazoezi: tembea dakika 10 hadi 15 baada ya mlo. Misuli ikifanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa haifanyi vizuri, na ndiyo maana wengi hujikuta wepesi kuliko wakilala baada ya kula. Lengo linalotajwa kwa watu wazima ni dakika 150 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili. Huko utafika baadaye. Kama kazi yako ni ya kukaa, simama kila nusu saa.

Usifanye mazoezi ukiwa na ketoni, au ukiwa unaumwa. Sukari ikizidi 14 mmol/L na una aina ya 1, pima ketoni kwanza. Kama unatumia insulini, pima kabla ya kutoka na uwe na sukari mfukoni.

Tazama daftari uone saa yako bora. Wengi wanayo moja, mathalani katikati ya asubuhi. Kazi nzito, safari za benki, mazungumzo magumu, yapeleke hapo. Ya kufua na kupanga makabati yasubiri au yafanywe na mwingine. Kahawa na chai kali zikomee mchana. Zinakopesha nguvu, kisha zinadai usiku, tena zikichochea mtetemo ule ule unaouogopa. Usingizi uwe saa saba hadi tisa, na saa ya kuamka iwe ile ile kila siku hata kama umelala vibaya.

Sipendekezi kufunga kula au kukata wanga wote kwa mkupuo mwezi wa kwanza ili "kumaliza ugonjwa". Kwa anayetumia insulini au dawa za kushusha sukari ni hatari, na kwa wengine humwacha mtu hana nguvu wala furaha.

Hatua ya 6: Itaje hofu kwa jina

Hofu isiyo na jina huwa kubwa kuliko yenye jina. Andika sentensi moja: ninaogopa nini? Majibu hufanana sana.

*Naogopa kupofuka, kukatwa mguu, figo kufa.* Madhara haya yapo, lakini si hukumu iliyokwisha kupitishwa. Utafiti wa DCCT, uliofanywa Marekani na Kanada kuanzia 1983 hadi 1993 kwa watu 1,441 wenye aina ya 1, ulionyesha kuwa waliodhibiti sukari kwa ukaribu walipunguza hatari ya kuanza kwa ugonjwa wa retina ya jicho kwa asilimia 76 wakilinganishwa na waliopata matibabu ya kawaida ya wakati huo. Utafiti wa UKPDS wa Uingereza, uliotoa matokeo 1998, ulionyesha kwa wenye aina ya 2 waliodhibiti sukari kwa ukaribu kwamba madhara ya mishipa midogo ya damu yalipungua kwa asilimia 25. Wewe umegunduliwa sasa, muda wa kufaidika na hayo unao.

*Ni kosa langu.* Aina ya 1 husababishwa na kinga ya mwili kuziangamiza seli zinazotengeneza insulini, hukuileta wewe. Aina ya 2 ina urithi, umri, uzito na mazingira ndani yake, na lawama haijawahi kushusha sukari ya mtu. Kinyume chake: msongo hutoa kotisoli na adrenalini, na zote mbili huipandisha.

*Nikiwekewa insulini ndio mwisho.* Insulini ni homoni ambayo kongosho la kila mtu hutengeneza. Wengi wenye aina ya 2 huihitaji baada ya miaka kwa sababu ugonjwa unasonga. Haina uhusiano na adhabu. Kwa wa aina ya 1 ni uhai wenyewe, na yeyote anayekushawishi uiache kwa ajili ya dawa nyingine, hata akiwa ndugu yako wa damu, usimsikilize.

Kama mashine yenyewe imekuwa chanzo cha hofu, unapima kila nusu saa au unaikwepa kabisa, kubaliana na mtaalamu ratiba maalumu. Walio kwenye metformini peke yake mara nyingi hawahitaji kupima kila siku. Na mawazo ya usiku yape nafasi mchana: dakika 20, saa maalumu, karatasi na kalamu. Usiku yakija yaambie yasubiri saa yake. Inasikika kama mchezo wa watoto, ila wataalamu wa tiba ya mazungumzo huitumia, na inasaidia.

Kuna kuchoshwa na kisukari chenyewe, na kuna sonona, havifanani. Aliyechoshwa na ugonjwa anachukia sindano na hesabu za chakula, lakini bado anacheka na rafiki. Jiulize maswali mawili: katika wiki mbili zilizopita, je, siku nyingi umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Je, siku nyingi umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda? Jibu la ndiyo kwa lolote ni sababu ya kumwona daktari au mshauri nasaha. Sonona huwapata wenye kisukari zaidi kuliko wengine, na inatibika, kwa mazungumzo au kwa dawa. Ukipewa dawa, uliza kama itagusa uzito au sukari.

Hatua ya 7: Waambie watu unachotaka, si unavyojisikia tu

Ukisema "nimechoka" utaambiwa pumzika. Sema: "Jumanne na Alhamisi nisaidie kupika", au "tutembee pamoja baada ya chakula cha jioni." Anayechungulia sahani yako kila mlo mwambie wazi, kwa heshima: "Najua unanijali, mama, lakini ukiniuliza kila tonge nakula nikiwa na hofu. Niulize Jumamosi wiki ilikwendaje." Kazini si lazima kila mtu ajue, ila mmoja anayekaa karibu nawe ajue sukari yako ikishuka afanye nini.

Hatua ya 8: Rudi kliniki na daftari, si na kumbukumbu

Muda wa kuonana na daktari ni mfupi, na aliyechoka husahau. Juu ya ukurasa wa kwanza andika maswali matatu tu. Yanayofaa kwa wengi ni haya: uchovu wangu wa saa fulani unaendana na namba hizi, tubadilishe nini? Ni vipimo gani vingine tuchukue kama hauishi? Je, dawa zangu zinaweza kushusha sukari, na nikiugua mafua au kutapika nifanye nini nazo? Hilo la mwisho lidai jibu la kuandikwa, kwa kuwa baadhi ya dawa husimamishwa kwa muda mtu akitapika, na insulini ya msingi (ile inayofanya kazi muda mrefu) kwa aina ya 1 haisimamishwi. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako kwa sababu inakuchosha. Metformini ikikuvuruga tumbo, kwa mfano, kuna namna ya kuianza taratibu, kuinywa na chakula, au kupewa ile inayoyeyuka polepole.

Ikipita miezi miwili au mitatu, sukari imetulia na uchovu haujapungua hata kwa namba mbili kwenye kile kipimo chako cha 0 hadi 10, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Nenda mapema, fungua daftari mbele ya daktari, na omba uchunguzi uanze upya.